Wachoma makala wa Ndola: safari ya shule ambayo hatuisahau

*Hotuba iliyotolewa Luano, Lubumbashi, mbele ya familia za wahamaji, machefu wa mitaa na vijana, katika Siku ya Kimataifa ya Amani.*



Kila mwaka, tarehe 21 Septemba, dunia huikumbuka amani. Tumeombwa tuseme neno. Tungeweza kuwasomea mikataba na maazimio, lakini tunajua masikio yenu yamechoka na maazimio. Kwa hiyo tutawasimulia safari moja ya shule.

Tuliifanya 2008, wakati wa mapumziko ya Pasaka. Tulikuwa mwaka wa sita wa sekondari hapa Lubumbashi, wanafunzi 31 na walimu wawili. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Safari ilichukua siku tatu tu. Lakini watu wanapotuuliza kwa nini tulichagua kazi hii ya kutembea mtaa hadi mtaa, kukaa na watu waliogombana na kuwasikiliza, jibu letu linaanzia katika safari ile.

Mtatuvumilia kidogo. Habari itaanza mbali, katika msitu wa Zambia, lakini itarudi mpaka hapa, kwenye pampu ya maji ya mtaa huu.

Darasa letu lilivyokuwa

Kwanza tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Darasa letu lilikuwa limegawanyika. Madawati ya mbele walikaa wale waliojiita wenye nchi. Nyuma walikaa watoto wa familia za Kasai. Wazazi wao walikuwa kati ya wale waliofukuzwa Likasi na Kolwezi 1992 na 1993, wakalala kwenye stesheni za gari la moshi wakingoja kuondoka. Hatukupigana. Lakini hatukuazimana hata kalamu.

Na kando ya wote alikuwa kijana mmoja wa Pweto. Vita vilipofika Pweto, Desemba 2000, alikuwa na miaka kumi. Familia yake ilivuka mpaka pamoja na maelfu ya watu wengine, ikaingia Zambia, ikaishi miaka katika kambi ya wakimbizi ya Kala. Baadaye walikuja Lubumbashi kwa ndugu wa baba. Hayo yote sisi hatukuyajua, kwa sababu hatukumwuliza. Tulijua tu kwamba Kifaransa chake kilikuwa kizito, kwamba viatu vyake vilikuwa vikubwa kuliko miguu yake, na kwamba kila Jumamosi aliuza makala sokoni pamoja na mama yake. Basi tukampa jina: Makala. Tulipomwita hivyo aliitika. Tulidhani mtu akiitika, haumii.

Kasumbalesa

Muhula mzima tulikuwa tumeuza mikate na karanga mbele ya shule ili tupate nauli ya basi. Siku ya safari tuliondoka kabla ya mapambazuko. Kasumbalesa si mbali, ni kama kilomita 90 kutoka mjini, lakini kwetu ilikuwa kama mwisho wa dunia.

Mwalimu alikuwa ameandika majina yetu yote kwenye karatasi moja yenye muhuri wa shule, na kila mmoja alitakiwa kuleta cheti chake cha kuzaliwa. Tulipofika upande wa Zambia, ofisa alianza kuita majina. Zamu ya Makala ilipofika, kijana alitoa ndani ya begi lake karatasi moja ya plastiki, na ndani yake kadi ya zamani ya kambi, imekunjwa mara nne. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Kilibaki Pweto, katika nyumba ambayo haikuwepo tena.

Wengine wetu walianza kunung'unika. Mmoja alisema kwa sauti kwamba huyu atatuchelewesha wote. Mwalimu alikwisha kufungua kinywa amwombee. Lakini ofisa aliitazama ile kadi, akamtazama kijana, akamsemesha Kibemba. Na Makala akajibu kwa Kibemba. Hakujibu neno moja moja kama mtu anayetafuta. Alisema kwa mfululizo, kama maji ya mto. Wakacheka pamoja. Ofisa akaandika kitu kwenye karatasi ya mwalimu, akatugeukia sisi wote tuliokuwa tumesimama kama miti, akasema: "Mwaiseni mukwai."

Hatukuelewa. Ikabidi tumwangalie Makala.

"Anasema karibuni," alituambia.

Kuanzia hapo alikuwa kinywa chetu. Yeye ndiye aliyebadilisha faranga zetu kuwa kwacha bila kudanganywa. Yeye aliongea na mama aliyetupikia nshima, ambayo tulipoionja tulikuta ni bukari yetu ile ile. Yeye alituambia kwamba watu wa kule, wakisalimiana, husema "mutende", na kwamba neno hilo maana yake ni amani. Siku moja ilitosha kutugeuza. Sasa sisi ndio tulikuwa na ulimi mzito.

Nani mgeni?

Jambo la kwanza lililotushangaza ni barabara. Zambia magari hupita upande wa kushoto. Basi letu lilipohamia upande ule, wote tulipiga kelele tukidhani dereva amepotewa na akili. Tulicheka mpaka Chililabombwe.

Lakini baada ya kicheko tulianza kuona. Milima ya mabaki ya migodi huko Chingola na Kitwe ni sawa na ile ya kwetu. Udongo ni mwekundu ule ule, na shaba inayochimbwa ni ile ile. Mpaka ulichorwa na wakoloni, na mawe hayakuulizwa.

Wala watu hawakuulizwa. Hapa Luano tunajua kwamba Walamba ni wenyeji wa nchi hii. Kule Ndola pia Walamba ni wenyeji. Ni watu wamoja waliokatwa na mstari. Katika darasa letu kulikuwa na msichana Mlamba, mmoja wa wale wa madawati ya mbele. Sokoni bibi mmoja mwuza mboga alimsikia akiongea na mwenzake, akamwita, akamshika mikono, akaanza kumwuliza habari za ukoo wake. Msichana alirudi kwenye basi amenyamaza. Kisha alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu. Alisema: "Hapa mimi ni mgeni au ni mwenyeji?"

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikuwa tumeimba methali hiyo tangu shule ya msingi. Siku ile ndiyo tuliona kwamba kila mtu ni mgeni mahali fulani, na kwamba inategemea tu ni asubuhi gani umeamka upande gani wa mpaka.

Msituni karibu na Ndola

Siku ya pili tulitaka kwenda madukani. Mwalimu wetu wa historia alikataa. Alisema kuna mahali lazima tupaone kwanza. Basi lilitoka kwenye barabara kuu ya Kitwe na Ndola, likaingia njia ya vumbi katikati ya miti. Mwisho wa njia kulikuwa na uwanja safi, nyumba ndogo ya kumbukumbu, na rundo la mawe yaliyopangwa vizuri.

Hapo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege ilianguka. Ndani yake walikuwa watu 16. Mmoja wao alikuwa Dag Hammarskjöld, mtu wa Uswidi, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Tulidhani hiyo ni habari ya wazungu. Mwalimu akatuuliza: "Alikuwa anakuja kufanya nini hapa?" Hakuna aliyejibu. Akasema: "Alikuja juu yenu."

Ninyi wazee mnaikumbuka miaka ile. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliteremshwa kwenye uwanja wa ndege hapa Luano wakiwa wamefungwa. Askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Uswidi, waliokuwa wakilinda uwanja, waliwaona. Usiku ule ule wote watatu waliuawa. Mwezi wa Agosti na Septemba wa mwaka ule, Waluba wa mji wetu, ulioitwa bado Elisabethville, walikimbia nyumba zao kwa hofu, wakajenga vibanda karibu na kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Kwa majuma machache tu walizidi watu 30,000. Kwa hiyo ninyi mlio hapa leo si wahamaji wa kwanza wa mji huu. Mji huu unajua vibanda vya hema tangu zamani.

Tarehe 13 Septemba vita vikalipuka kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na jeshi la Katanga. Hammarskjöld akaamua kuonana na Tshombe uso kwa uso, nje ya nchi, huko Ndola, ili silaha zinyamaze. Ndege aliyopanda jioni ya tarehe 17 ilikuwa imetoka kwetu asubuhi ya siku hiyo hiyo, na ilipokuwa ikiruka ilipigwa risasi. Iliporudi Léopoldville mafundi waliitengeneza. Usiku ikaenda Ndola na haikutua. Tshombe alikuwa akingoja.

Mapatano ya muda ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi Ndola tarehe 20 Septemba, bila yeye. Desemba vita vikaanza tena. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Zawadi ya Nobeli ya Amani ya 1961 alipewa akiwa amekwisha kufa.

Tulisimama mbele ya yale mawe. Kutoka Luano mpaka pale ni safari ya chini ya siku moja. Tulikuwa tumesoma shuleni majina ya wafalme wa Ubelgiji, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mtu alikufa njiani akija kututafutia amani, karibu namna hii na nyumbani.

Walioona wa kwanza, walioulizwa wa mwisho

Mzee mmoja aliyekuwa akitutembeza alieleza kwamba Hammarskjöld alikutwa ametupwa nje ya ndege, ameegemea kichuguu. Kisha alituonyesha msitu kwa mkono. Alisema kwamba wakati ule ndani ya miti hii waliishi wachoma makala.

Tulimgeukia Makala, wote kwa pamoja, kama kwamba mtu amempiga kofi. Yeye alikuwa anatazama chini.

Mzee aliendelea. Wachoma makala hulala karibu na tanuru zao, kwa sababu tanuru lisipolindwa usiku huwaka lote likawa majivu. Kwa hiyo usiku ule wao walikuwa macho. Kati yao na majirani zao wengine walisema waliona mwanga angani. Wengine walisema waliona ndege ya pili, ndogo, ikifuata ile kubwa. Wengine walifika mahali pa ajali asubuhi na mapema.

Baada ya safari, tulipokuwa chuo kikuu, tulitafuta habari zaidi, na tukaona kwamba mzee hakutudanganya. Serikali ilitangaza kwamba ndege imepatikana mchana wa tarehe 18, saa kama 15 baada ya kuanguka. Saa hizo zote mtu mmoja, sajini Harold Julien, alikuwa bado hai, ameungua, amelala juani. Alikufa hospitalini baada ya siku chache. Na kulikuwa na watu waliokwisha kuona ndege kabla ya mchana ule. Kwa nini hawakukimbia kutoa habari? Wapendwa, ninyi mnaweza kujibu kuliko sisi. Nchi ilikuwa chini ya serikali ya wakoloni. Mtu mweusi maskini aliyekwenda polisi kusema "nimeona ndege imeungua" angeulizwa kwanza: "Na wewe ulikuwa unafanya nini pale?" Wachoma makala watatu, waliookota mashine moja kati ya mabaki, walishitakiwa na kufungwa.

Tume ya serikali ya Rhodesia ilisema ni kosa la rubani. Maneno mengi ya mashahidi Waafrika ilisema hayaaminiki. Umoja wa Mataifa nao ulifanya uchunguzi wake, na 1962 ukaliacha swali wazi.

Ikapita miaka 50. Watafiti walirudi msituni, wakawakuta baadhi ya wale wachoma makala wakiwa wazee, wakawauliza tena. Mwaka 2011 Susan Williams, mwanahistoria wa Uingereza, alitoa kitabu juu ya kifo kile, na swali likafunguliwa upya. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo, na kiongozi wake alikuwa Mohamed Chande Othman, Mtanzania, aliyekuwa wakati huo Jaji Mkuu wa nchi yake. Jopo lilipima maneno ya wale mashahidi moja moja, na mengi likayaona yana uzito. Katika ripoti yake ya 2017 Jaji Othman aliandika kwamba inawezekana kabisa shambulio au tishio kutoka nje lilichangia kuangusha ndege. Tena akaziomba nchi zenye nyaraka za siri zizitoe.

Tazameni jambo hili. Wakubwa walikuwa na redio na ofisi. Walioona walikuwa wachoma makala. Na kwa kuwa maneno yao yaliwekwa kando mwanzoni, dunia imetumia zaidi ya miaka 60 ikitafuta kile ambacho ingeweza kukipima vizuri katika majuma ya kwanza, wakati kumbukumbu zilikuwa mpya na mashahidi wote walikuwa hai.

Ndani ya basi

Jioni ile basi lilikuwa kimya. Hakuna aliyetaka tena kuongea juu ya maduka. Ghafla mmoja wetu, yule yule aliyenung'unika mpakani, alisimama akamwuliza Makala, na alimwita kwa jina lake la kweli: "Wewe uliona nini Pweto?"

Mwalimu alizima redio.

Kijana alisema. Alieleza watu walivyojazana kwenye kivuko, magari yaliyoachwa njiani na moto, dada yake mdogo aliyepotea siku mbili, na mama wa Zambia aliyewapa muhogo bila kuuliza kabila lao. Alisema kama nusu saa. Mwalimu alikuwa ameweka sheria moja tu: mtu akisema, hakuna kumkata mpaka amalize, na hakuna kumjibu kwa "hata sisi".

Alipomaliza, msichana mmoja wa Kasai alianza. Alisema habari za stesheni, kama alivyozisikia kwa mama yake, na za mtoto mchanga wa familia yao aliyezikwa njiani. Na kijana mmoja wa madawati ya mbele, baada ya kunyamaza muda mrefu, alisema kwamba baba mdogo wake alikuwa kati ya waliopiga kelele "waende kwao", na kwamba nyumbani kwao jambo hilo halitajwi. Alilia. Hakuna aliyemcheka.

Hatutaki kuwadanganya. Tulipofika Lubumbashi darasa halikugeuka kuwa mbingu. Wazazi wengine walikasirika waliposikia tuliyoyasema. Lakini madawati yalichanganyika, na jina la Makala lilikufa kabla ya mtihani wa serikali. Alipata cheti chake cha kuzaliwa mwaka ule ule, kwa sababu darasa zima lilichanga faranga na watu watatu wakaenda naye mahakamani kushuhudia. Katika hao watatu, wawili walikuwa wa madawati ya mbele.

Pampu yetu

Sasa turudi hapa Luano.

Wote mnajua kilichotokea Agosti. Paneli ya sola ya pampu yetu iliibiwa usiku. Kijana mmoja, mhamaji kutoka upande wa Mitwaba, alikuwa akipita saa kumi ya usiku akisukuma baiskeli yake yenye magunia matatu ya makala. Aliona watu na aliona gari. Asubuhi alikwenda mwenyewe kusema alichokiona.

Kabla ya saa sita mchana yeye ndiye alikuwa mwizi. Aliulizwa: "Saa kumi ya usiku ulikuwa unafanya nini kwenye pampu?" Akapigwa. Mama yake na wadogo zake walihama kibanda chao usiku. Na tangu siku hiyo familia za wahamaji haziji tena kwenye pampu. Watoto wao wanateka maji mtoni, na kwenye zahanati tumeona wangapi wanaharisha. Wenyeji nao wana uchungu wao, na ni wa haki: walichanga miezi mingi kwa ajili ya ile paneli, na sasa wanalipa maji ghali kwa wauzaji wa madumu.

Hatukuja kutoa hukumu. Kazi hiyo ni ya sheria. Lakini tuliposikia swali lile, "ulikuwa unafanya nini pale?", sisi tulisikia msitu wa Ndola. Mchoma makala hupita usiku kwa sababu kazi yake ni ya usiku. Akiwa ndiye wa kwanza kushukiwa kila anapotoa ushuhuda, basi kesho mtu mwingine ataona moto, ataona gari, ataona watu wenye silaha wakiuzunguka mtaa, naye atasukuma baiskeli yake na kunyamaza. Hapo tutakuwa tumeibiwa kitu kikubwa kuliko paneli. Tutakuwa tumepoteza macho ya mtaa.

Na ninyi ndugu wahamaji, tuna neno kwenu pia. Tumesikia katika vibanda watu wakisema kwamba wenyeji wote ni wamoja, kwamba wote walishiriki. Si kweli. Kijana yule alitolewa mikononi mwa watu na mama mmoja mwenyeji, mwuza samaki, aliyejilaza juu yake. Naye ni shahidi. Msimsahau mnapoisimulia habari hii kwa watoto wenu.

Tunachowaomba

Waheshimiwa machefu, wamama na wababa, tunaomba mambo matatu.

La kwanza: kijana yule asikilizwe. Akae mbele ya wazee, pamoja na mtu wake wa kumtegemeza, aseme mpaka mwisho bila kukatwa, na maneno yake yaandikwe na kusomwa tena kwake. Kisha wasikilizwe wengine waliokuwa macho usiku ule: walinzi, wauza mikate wa alfajiri, madereva wa pikipiki. Kilichoandikwa kipelekwe kwa wenye kazi ya uchunguzi.

La pili: katika kamati ya maji wawepo wahamaji wawili, mwanamke na mwanaume, wenye sauti sawa na wengine. Mtu anayechanga na kulinda pamoja nanyi hawezi tena kuitwa mpita njia.

La tatu: Jumamosi ijayo, wenyeji na wahamaji waje pamoja kwenye pampu kufyeka majani na kujenga upya uzio. Shirika letu litaleta nyaya na misumari. Mikono ni yenu.

Rafiki yetu wa Pweto ni mwalimu leo. Alituruhusu tuisimulie habari yake, kwa sharti kwamba tusilitaje jina lake, na kwamba tuseme ukweli juu ya jina tulilompa. Tumeutimiza. Alituomba pia tuwasalimie kwa salamu aliyotufundisha njiani.

Mutende, wapendwa. Amani kwenu.

Maswali ya kuzungumzia katika familia na vikundi

1. Katika mtaa wetu ni watu gani walio macho wakati wengine wamelala? Je, wakiona jambo baya, wanaweza kumwambia nani bila hofu?

2. Je, kuna mtu tunayemwita kwa jina ambalo hakulichagua? Tumewahi kumwuliza anavyojisikia?

3. Ni lini wewe mwenyewe ulikuwa mgeni mahali, na ni nani aliyekupokea?

4. Sheria ya basi ilisema: usimkate mtu, usimjibu kwa "hata sisi". Tunaweza kuitumia wapi juma hili?